Kasiksi ya mama ilitulisha, tusiache migomba yake ife

Ndugu wachimbaji, munakumbuka mwezi wa 9 mwaka 2010, wakati Rais Kabila alifunga uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema? Ilibaki hivyo mpaka mwezi wa 3 mwaka 2011. Kwetu Kabare, mama ndiye alilipa minerval, na alilipa na kasiksi. Ndizi zinaiva mu shimo, zinakamuliwa na majani, mtama wa kukaanga unatiwa ndani, inachacha. Hapana hii pombe kali ya sashe yenye kumaliza vijana wetu kwenye machimbo.

Leo migomba ile ya mababu inakauka. Ugonjwa wa BXW ulionekana Masisi mwaka 2001, kisha ukashuka kwetu. Wadudu wanaubeba toka ua moja mpaka ingine, na kisu chenye kimekata mgomba mgonjwa kinaupeleka pia. Dawa ya kununua hakuna. Lakini unaweza kuvunja lile ua la chini na kijiti chenye panda, kupitisha kisu motoni, na kukata shina lenye kugonjwa tu bila kung'oa shamba nzima.

Shida ni mikono. Mama peke yake hafikie, na sisi tuko mu mashimo. Basi naomba vyama vyetu: sehemu ya kotizasyo inunue machipukizi safi ya mbegu zetu za zamani. Watu wa INERA wako hapa Mulungu, tuende tuwaulize mbele machimbo yafungwe tena.