Afadhali aninunie

Mwezi huu naomba tukae kwenye maneno kidogo, maana nimeona wapenzi wengi wanaachana bila kujua wamefanyiana nini hasa. Mmoja anasema "nilikuwa nimenuna tu", mwenzake analia kwamba alichuniwa, na wote wanadhani wanazungumzia kitu kimoja. Si kimoja hata kidogo.

Mtu aliyenuna unamuona. Mdomo umemtoka, sufuria zinagongana jikoni, ukimwita anaitikia "mmh" ya puani. Anataka umuulize kuna nini ili akujibu "hakuna". Kununa ni kuongea, tena kwa sauti kubwa, ila maneno ndiyo hayatoki. Kususa nako kunataka watazamaji. Mtoto hususa ugali mama yake akiwepo. Mwache peke yake uone kama hatakula. CUF waliposusia uchaguzi wa marudio Zanzibar, Machi 2016, walitangaza, na kila mtu akajua. Ingekuwa kituko gazeti kuandika kwamba chama kimeuchunia uchaguzi.

Kuchunia ni habari nyingine. Mtu anakuona, anakusikia, halafu anajifanya haupo. Watoto wa mjini wamelipatia ndugu neno hili: kumkaushia mtu, kumlia buyu, kumfungia vioo. Hili la vioo nalipenda, maana ukilisikia tu unaiona foleni ya Dar: muuza karanga anagonga dirisha, mwenye gari anapandisha kioo taratibu, macho mbele, kana kwamba taa imeshawaka kijani. Nairobi wao wanasema "amenilenga", Mbongo akisikia anauliza risasi imempata wapi. Ila kupotezea msikuweke kwenye kundi hili, jamani. Mkeo kasema neno la hovyo kwa sababu ya uchovu, unaona haina haja ya kesi, unapotezea, mnakula, mnalala. Hiyo ni huruma, na ndoa nyingi zinaishi kwayo.

Na kuchuniwa kunauma kweli, si kudeka. Mwaka 2003 Naomi Eisenberger na wenzake walichapisha utafiti wao kwenye jarida la Science. Waliwalaza watu kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, wakawachezesha mpira wa kompyuta, kisha wachezaji wengine wakaacha kuwarushia. Basi, mpira tu! Sehemu ya ubongo inayohusika na maumivu ya mwili ikaamka.

Haya yote niliyawaza Sumbawanga, si Sinza. Nilikuwa huko kikazi kwa wiki mbili, nimefikia kwa shoga yangu tuliyesoma naye, mhasibu. Mumewe ni Mfipa lakini anafanya kazi Dar. Nilimkuta amekonda. Siku 19 mume hapokei simu, hajibu meseji. Zile alama za WhatsApp zinageuka bluu, usiku wa manane anaonekana yuko hewani, kimya. Kosa ni kwamba dada wa watu alimkopesha kaka yake pesa ya tofali za nyumba yao bila kumwambia mumewe. Na juu ya hilo, ofisini kwake walikuwa wamempa fomu ya uhamisho wa kurudi Dar, ajibu kabla ya Ijumaa. Ahamie kwa nani sasa? Mume anamtaka au hamtaki? Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Hapo ndipo nilipoona ubaya wa kuchunia: mwenzako hana hata cha kubishana nacho.

Kuna kaka zangu watasema mwanaume kukaa kimya ni busara, asije akapiga mtu. Nawaelewa. John Gottman, mwanasaikolojia wa Seattle aliyetumia miaka mingi kuwatazama wanandoa wakigombana, anakubali kwamba mtu akipandwa na hasira moyo hukimbia na akili haisikii kitu, na kwamba wengi wanaojenga ukuta wa kimya ni wanaume. Anashauri mapumziko ya angalau dakika 20, lakini umwambie mwenzako kwamba unapumzika na utarudi. Dakika 20, bwana, si siku 19.

Jumapili tukaenda kumsalimia mama mkwe kijijini, upande wa Laela. Kama hujafika nyanda za juu za Ufipa, jiandae kwa baridi, na jiandae kusalimiwa. Mama aliyebeba kuni atasimama, atapinda goti, atapiga makofi ya taratibu, atakuuliza ulivyoamka na wa nyumbani walivyoamka. Hajakujua bado. Na yule aliyegombana naye jana kuhusu mpaka wa shamba anamsalimia vilevile. Ugomvi una siku yake, salamu haina likizo.

"Mwanangu hajambo?" mama akauliza.

"Mama, mwanao amenichunia."

"Amekuchuna? Amekupiga?" Kwake yeye kinachochunwa ni mbuzi.

"Hapana mama."

"Amekununia?"

"Angeninunia ningejua."

"Amekususa?"

"Hajasema."

"Sasa mkwe wangu, ukimsalimia?"

"Haitikii."

Mama akaweka ungo chini. Nikaona uso wake umebadilika kabisa, maana huku hilo si jambo la hasira za vijana. Jina lenyewe la Sumbawanga wenyeji hulitafsiri kuwa "tupa uchawi". Miaka ya 1960 vuguvugu la Kamcape, la kusaka wachawi, lilipita Ufipa. Mtafiti wa Uingereza Roy Willis aliliandikia makala mwaka 1968. Mahali penye historia ya namna hiyo, mtu anayekaa na kinyongo bila kukitoa anatisha. Mtoto wa jirani akiugua, macho yanaanza kumtafuta asiyeitikia salamu. Sisi tunafanya mchezo wa kwenye simu, wao wanajua majina yaliyowahi kuharibika hivyo.

Akachukua kitochi chake, akapiga. Tukasikia sauti ya mwanaume: "Shikamoo mama!"

Mama kimya.

"Haloo? Mama? Shikamoo."

Kimya. Anatutazama, simu ipo sikioni, anahema tu.

"Mama, unanisikia? Shikamoo mama!"

Akakata. Simu ikaita palepale, akaisukumia chini ya khanga. Ikaita tena. Ya nne ikaisha yenyewe, naye keshaendelea kupepeta ulezi wake, anatuuliza kama tutakula samaki au maharage.

Hatujafika hata barabara ya lami, simu ya shoga yangu ikaita. "Mama anaumwa? Mbona hanijibu?" Shoga akavuta pumzi, akamwambia mama ni mzima, leo siku ya 19. Usiku ule waligombana kuhusu tofali mpaka saa sita, mimi nipo sebuleni nimejifunika blanketi, nasikia sauti ya mume kwenye spika na ya mke ikimzidi. Hawakuelewana. Pesa ya tofali mpaka leo hawajaimaliza.

Fomu aliijaza Alhamisi.