Mkanda wa Bibi Harusi: Tuambiwe Gramu



Tumechoka. Kila harusi siku hizi bibi harusi anafungwa mkanda mpana, bizimu kubwa kama kisahani cha kahawa, linameta mpaka ukumbi mzima unageuka. Shangazi anatangaza, "Dhahabu hiyo, mahari yake!" Vigelegele. Mwaka haujaisha mtoto anaumwa, mama wa watu anaupeleka mkanda kwa sonara auze. Sonara anasugua kwenye jiwe, anadondosha tindikali, kisha anainamisha kichwa. Shaba, imechovywa tu. Tumewasindikiza wenzetu kwenye safari hiyo, na kurudi nyumbani ndiko kugumu.

Hatusemi mkanda wa kuchovya ni haramu. Kodi, vaa, pendeza, rudisha, hakuna aliyedanganywa. Ugomvi wetu ni kuuita mahari. Mahari ni haki ya mke, Suratun-Nisaa aya ya 4 imelimaliza hilo. Na wenye kupunja vipimo, Al-Mutaffifin inaanza na wao.

Mtatuambia dhahabu imepanda. Ni kweli. Basi fedha ina aibu gani? Nendeni kwa sonara na fedha ya 925, yaani sehemu 925 safi kati ya 1,000. Ataiyeyusha, aimimine kalibuni, aifue iwe bamba, avute nyuzi nyembamba azikunje ua la asumini, alilehemu juu ya bizimu, kisha tupa na kung'arisha. Kazi ya siku kadhaa, kwa mkono, na hakuna bibi harusi mwingine atakayekuwa na lake. Mkitaka kito, tanzanaiti tunaipenda sote ila ni laini na hupasuka ikigongwa, na bizimu hugonga kila meza. Afadhali garneti. Au liacheni tupu, ua linatosha.

Aliyejaaliwa dhahabu, karati 22 hugongwa muhuri wa 916. Tazameni nyuma ya bizimu, lakini muhuri peke yake usiwatosheni, maana hata shaba hugongwa muhuri. Kitolewe kito kwanza, ndipo chuma kipimwe. Jiwe lisiuziwe mtu kwa bei ya dhahabu.

Mama mkwe atanuna, atasema hamkumwamini. Anune. Na nyinyi mawalii wetu, shehe akiuliza mahari ni nini, msijibu "mkanda." Jibuni gramu ngapi, karati ngapi, na sonara gani kaupima, na yaandikwe hivyo hivyo kabla ya kushikana mikono.