Mayai mengi si mtoto

Mwanamke anayetibiwa ugumba kwa njia ya IVF, yaani kurutubisha yai nje ya mwili, akitoka chumba cha upasuaji, swali la kwanza la ndugu zake huwa moja: yamepatikana mayai mangapi? Kliniki nazo hujisifu kwa idadi hiyo. Kuhusu majimaji yaliyofyonzwa pamoja na mayai hakuna anayeuliza. Mtaalamu wa maabara akishalitenga yai chini ya hadubini, majimaji hayo humwagwa.

Humo ndimo yai lilimokulia. Kifuko cha yai kilichokomaa kina kipenyo cha takriban milimita 20, na majimaji yake hayajazi kijiko cha chai, lakini yamesheheni protini. Nyingi, kama albumini na kingamwili, huchujwa kutoka kwenye damu ya mwanamke. Nyingine, ikiwemo homoni ya AMH, hutengenezwa na seli zinazolizunguka yai.

Katika mwezi wa kawaida kifuko kimoja huwashinda wenzake, nao hunyauka. Sindano za homoni ya FSH huwanusuru hao waliokuwa wanyauke, na dawa nyingine huizuia homoni ya LH isiyaachilie mayai kabla ya wakati. Hapo ndipo mazingira ya yai yanapobadilika. LH ndiyo inayozihimiza seli za ovari kutengeneza testosteroni. Ikibanwa, testosteroni hupungua. Watafiti wa Bern, Uswisi, walipolinganisha majimaji ya wanawake waliochomwa sindano na ya wale wa mzunguko wa asili, mwaka 2014, waliona kuwa testosteroni na AMH zilikuwa chini kwa waliochomwa. Wengine waliopima protini kwa mapana wameona tofauti hata katika zile zinazohusika na kinga ya mwili na uvimbe.

Je, tofauti hizo huliharibu yai? Ushahidi haujafika huko, na kliniki itakayowauzia wagonjwa kipimo cha protini hizo leo kama utabiri wa mimba itakuwa inawaibia. Ila ipo protini moja ambayo madhara yake yanajulikana vyema: VEGF. Ovari zikichochewa kupita kiasi huitoa kwa wingi, mishipa ya damu ikaanza kuvuja, tumbo likajaa maji. Hali hiyo ikiwa kali, inaweza kuua.

Louise Brown, mtoto wa kwanza wa IVF duniani, aliyezaliwa Oldham, Uingereza, mwezi Julai 1978, alitokana na yai moja la mzunguko wa asili. Waliofanikisha kuzaliwa kwake, Robert Edwards na Patrick Steptoe, walikuwa wamezijaribu dawa za kuchochea ovari, wakaziweka kando. Miongoni mwa waliozirudisha kwa mafanikio ni madaktari Howard na Georgeanna Jones, kule Norfolk, Marekani, na Elizabeth Carr, mtoto wa kwanza wa IVF nchini humo, akazaliwa Desemba 1981. Walikuwa na hoja: yai moja likiharibika, mwezi mzima umepotea. Dawa hizi zimewapa watu watoto, na kuzikataa kabisa ni kumnyima mwanamke nafasi.

Kinachobishaniwa ni dozi. Takwimu za Uingereza za mizunguko zaidi ya 400,000, zilizochapishwa mwaka 2011, zilionyesha kuwa uwezekano wa kuzaa hupanda hadi kwenye mayai kama 15, hukwama hapo, kisha hushuka yakizidi 20. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2017 nao uliona kuwa kuwaongezea dozi wanawake wenye akiba ndogo ya mayai hakukuwaongezea watoto.

Nairobi, ambako watoto wa kwanza wa IVF nchini Kenya walizaliwa mwaka 2006, dawa hizi hulipiwa zaidi na familia zenyewe, wakati mwingine kwa kuuza shamba. Daktari anayepandisha dozi anapaswa kumweleza mgonjwa anatarajia nini katika nyongeza hiyo. Na kabla ya kuyamwaga majimaji, amwombe idhini yagandishwe kwa ajili ya utafiti. Kuyapata hakuhitaji sindano nyingine, kwa kuwa yameshafyonzwa.