Bibi harusi, fungate yako ipo njia ya Pangani



Sisi ni mafundi watatu wa cherehani, tuna duka letu dogo la kushona nguo za harusi hapa Unguja. Bibi harusi akija kupimwa gauni, mazungumzo hayaishii kwenye gauni. Atatueleza ukumbi, hina na piko, na mwisho atatueleza anapopelekwa fungate. Zamani tulikuwa tunasikiliza na kufurahi naye. Siku hizi tunauliza swali ambalo wengine hawalipendi: pesa ya safari hiyo inatoka wapi?

Tulianza kuuliza baada ya mteja wetu mmoja. Alikwenda nje ya nchi siku tano, akarudi na picha nzuri mno. Mwezi wa nne baada ya harusi alikuja dukani na gauni lake mkononi, anataka tumtafutie mnunuzi. Safari ile mume aliikopea, na mwenye pesa zake alikuwa akigonga mlango kila Ijumaa. Gauni tulilolishona wiki tatu likauzwa nusu ya bei. Alilia, na sisi tukalia naye.

Ndiyo maana tunasema leo: fungate ni siku saba za watu wawili kujuana. Hata neno lenyewe linatokana na hizo siku saba. Hakuna aliyeandika kwamba lazima zipite kwenye uwanja wa ndege. Mbele yetu, upande wa pili wa bahari hii tunayoiangalia kila siku, kuna pwani kutoka Bagamoyo hadi Tanga ambayo wengi wetu hatuijui. Tunavuka na boti ya asubuhi, tunanunua vitambaa Kariakoo, tunarudi na boti ya jioni. Basi.

Mwaka uliopita tuliamua kuijua. Tulikwenda watu sita kwa Noah ya kukodi: wawili wetu na waume zetu, na mdogo wetu wa dukani aliyekuwa na mwezi mmoja tu wa ndoa, na mumewe ndiye aliyeendesha. Gari, mafuta, malazi na chakula, kila wawili walitoa pesa isiyofika bei ya gauni moja la shanga tunalolishona sisi.

Siku ya kwanza tulilala Bagamoyo, kiasi cha kilomita 70 kutoka Dar es Salaam. Watalii huishia mjini kwenye majengo ya Wajerumani, ambao makao yao makuu yalikuwa hapo kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Nyinyi nendeni Kaole, kilomita chache kusini. Kuna magofu ya msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi ya Waislamu wenzetu yenye nguzo. Mihrabu bado unaijua ukiiona. Toeni salamu, waombeeni dua waliolala pale, na msikae juu ya makaburi kwa ajili ya picha.

Kutoka hapo tulishika njia ya Saadani, hifadhi ya taifa pekee ya Tanzania iliyogusana na Bahari ya Hindi. Kupita hifadhini kuna kiingilio, basi ulizeni kabla hamjaondoka. Barabara hii ya pwani inajengwa kwa lami vipande vipande, kwa hiyo waulizeni madereva hali yake wiki ile ile ya safari. Masika, kati ya Machi na Mei, msiijaribu kwa gari dogo. Mvua ikiwakuta, ipo barabara kuu ya Chalinze na Segera, itawafikisha Tanga vilevile.

Mbele ya hapo ni Ushongo, kijiji cha ufukwe mtulivu. Bahari ikikupwa, unatoka kisiwa cha mchanga cha Maziwe ambacho hakina hata mti mmoja. Kwa mwanamke anayejisitiri, ufukwe usio na watu ni neema. Tulitembea ndani ya maji na mabuibui yetu, hakuna aliyetugeuzia kamera.

Kisha unafika Bweni, unavuka mto kwa pantoni, upande wa pili ni Pangani mjini. Mji huu ndipo Abushiri bin Salim aliyepigana na Wajerumani aliponyongwa, Desemba 1889. Milango yake ya kuchonga itawakumbusha Mji Mkongwe. Fikeni kabla jua halijazama, na muulize saa za pantoni mapema. Daraja linajengwa, huenda likawapunguzia foleni hiyo.

Pangani hadi Tanga ni kama kilomita 50. Simameni Tongoni, kwenye magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40. Upande huohuo, kusini mwa mji wa Tanga, ndiko Vibambani alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, yule aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad wetu. Kwa hiyo si ugeni mnaokwenda kuuona, ni jamaa.

Sasa yanayotuhusu sisi wanawake. Mafundi tunasema hivi: vazi la njiani si vazi la picha. Shona abaya ya kitambaa chepesi kisichoshika vumbi, pindo juu kidogo ya kisigino lisifagie mchanga, na ndani vaa suruali ya pamba. Mkono uwe na vifungo viwili ili uupandishe wakati wa udhu bila kuhangaika. Weka mfuko wa ndani wenye zipu kwa kitambulisho na pesa. Chukua khanga mbili za ziada, moja ya kusalia na moja ya kujizungushia pale ambapo choo hakina mlango, kwa sababu mtakutana nacho. Beba dumu dogo la maji, visheti na tende.

Na sala, wapenzi, isiwe kisingizio cha kutosafiri. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, aliyekusudia safari ya kilomita 80 na zaidi ana ruhusa ya kupunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha ziwe rakaa mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Magharibi hubaki tatu, Alfajiri mbili. Mkipanga kukaa mahali pamoja siku nne kamili, hukumu inabadilika, basi muulizeni sheikh wenu kabla ya kutoka. Lakini jiandaeni: msikiti mmoja tulioupitia haukuwa na sehemu ya wanawake wala bomba tuliloweza kulifikia. Waume zetu waliingia, sisi tukabaki juani. Bibi mmoja wa jirani akatuita, "Karibuni ndani wanangu, maji yapo." Tulisali uani kwake. Allah amlipe. Na wanaojenga misikiti ya njiani tunawaomba, mtuachie kona na bomba moja.

Tulichokifuata hasa kilitokea kabla ya kufika Bweni. Tairi lilipasuka mahali pasipo na nyumba, na tairi la akiba lilikuwa limekwisha upepo. Jua lilikuwa linashuka. Mume wa mmoja wetu, wa miaka kumi, alianza kufoka kama kawaida yake, na tulimjua hivyo. Sote tukamwangalia yule bwana harusi, maana gari alilikagua yeye. Hakufoka wala hakumlaumu mtu. Alisema, "Kosa ni langu, sikuliangalia," akamtandikia mkewe khanga chini ya mti, akatembea kwenda kutafuta pampu. Alirudi na bodaboda baada ya saa nzima. Mkewe naye hakulalamika. Alikuwa amegawa tende na kuhesabu pesa za pampu.

Inasimuliwa kuwa Sayyidna Umar, Allah amridhie, alimuuliza mtu aliyemsifia mwenzake kama amewahi kuwa jirani yake, kufanya naye biashara ya pesa, au kusafiri naye. Usiku ule Pangani mdogo wetu alituambia kwamba mwezi mzima wa ndoa alikuwa hajui mumewe akikosea anafanyaje. Sasa anajua. Hicho hukipati kwenye chumba ulichopambiwa maua, ambapo kila kitu kimeshafanywa na mtumishi.

Tunajua mtakaloambiwa: "Watu watasema hukupelekwa popote." Watasema wiki moja, watachoka. Deni halichoki. Aliye na uwezo wake wa halali na aende atakako, hatumwonei choyo, na aanzie Makka akijaaliwa. Maneno yetu ni kwa yule anayetaka kukopa ili asionekane hana. Dada yetu, mwambie mumeo mapema, kwa upole, kabla hajakopa: mimi nitaridhika na Pangani. Huenda anasubiri kulisikia neno hilo na anaona haya kulisema yeye.

Allah awabariki katika ndoa zenu, awalinde njiani na awarudishe salama. Na gauni lako, bibi harusi, lihifadhi. Tungependa siku moja tulipunguze limkae binti yako.