Mwanafunzi Aliyeandika "Je lui aide"

Katika miaka yangu ya kufundisha Kifaransa, hakuna kosa nililolisahihisha mara nyingi kuliko kuchanganya le na lui. Mwanafunzi mmoja aliandika "je lui aide", akikusudia "namsaidia". Nilipiga mstari mwekundu, nikaandika "je l'aide", nikafungua daftari lililofuata. Leo nakiri kwamba sikumtendea haki. Kosa lake lilikuwa na mantiki, nayo mantiki hiyo ilitoka katika Kiswahili.

Kiswahili hutumia kiambishi kimoja cha mtu, -m-, kwa yambwa tendwa na yambwa tendewa: namwona, nampa kitabu. Mara nyingi tofauti hubebwa na kitenzi chenyewe: "andika" huwa "andikia". Kifaransa hakinyambui kitenzi namna hiyo, hubadili kiwakilishi. "Je le vois" ni namwona; "je lui écris" ni namwandikia.

Mwenye sikio jepesi husikia -ia katika "namwandikia" na "nampigia simu", akagundua kwamba pote Mfaransa husema lui. Akifika kwenye "namsaidia", hufuata njia ile ile akapotea, kwa kuwa aider humpokea mtu moja kwa moja, bila kihusishi à. Kwa upande mwingine, "namjibu" na "namtii" havina -ia, ilhali répondre na obéir hudai lui.

Wapo walimu wanaoshauri mwanafunzi akisahau Kiswahili mlangoni mwa darasa la Kifaransa. Sikubaliani nao. Kiswahili kitaingia tu, kialikwe kisialikwe. Afadhali tukiweke ubaoni, tuonyeshe mahali lugha hizi mbili zinapopatana na zinapoachana, na kila kitenzi kifundishwe pamoja na kihusishi chake: répondre à quelqu'un, aider quelqu'un. Hata hapo tahadhari inahitajika: "namfikiria" ni "je pense à lui" au "je pense à elle", wala si "je lui pense".

Jambo hili lawahusu pia washairi wanaotafsiri. "Nampenda" huficha kama mpendwa ni mwanamume au mwanamke. "Je l'aime" huitunza siri hiyo, kwa kuwa le na la hupoteza irabu mbele ya aime. "Je lui écris" nayo huitunza. Lakini "namtazama" humlazimisha mfasiri achague: "je le regarde" au "je la regarde". Asiyejua hili atafichua katika mshororo mmoja kile ambacho mtunzi alikisitiri shairi zima.

Lau ningelipata tena daftari lile, ningeandika pembeni: "Umesikiliza vyema Kiswahili chako. Hapa, hata hivyo, aider hakihitaji à."