Tumbaku Mpanda: Kipima mvua nacho ni pembejeo

MKULIMA wa tumbaku wilayani Mpanda anapokopa pembejeo kupitia chama chake cha msingi, hesabu huwa ni ya mbegu, mbolea na dawa. Hali ya hewa haimo katika hesabu hiyo. Hata hivyo, ndiyo inayoamua kama dawa aliyokopa itaokoa miche au itaongeza deni tu.

Jambo hili huonekana mapema kitaluni. Miche ya tumbaku ya mvuke huoteshwa wakati wa kiangazi, karibu na mabonde yenye maji, ili mvua za Novemba zikianza ipelekwe shambani. Hapo ndipo kinyausi hushambulia. Shina huoza usawa wa udongo, mche hulala, na baada ya siku chache tuta hubaki na mabaka matupu.

Kimelea kimojawapo kinacholeta ugonjwa huu, Pythium, hufanana na kuvu lakini si kuvu halisi. Kiko karibu zaidi na mwani. Vijimbegu vyake huogelea katika maji yaliyomo udongoni. Udongo ukipata nafasi ya kukauka juu, mwendo wake hupungua. Ukilowa kutwa kucha, huhama kutoka mche hadi mche. Mawingu ya siku kadhaa, mvua inayowahi, nyasi nene juu ya tuta na umwagiliaji wa jioni, vyote huupa ugonjwa nafasi hiyo.

Tofauti hii ina gharama. Kabendazimu, inayotumika kwa magonjwa mengi ya kuvu, haifai kitu kwa Pythium. Metalaksili ndiyo hukilenga. Mkulima anayenunua dawa kwa kuambiwa ni "ya ukungu" anaweza kutoa fedha na kupoteza kitalu vilevile. Akiotesha upya hupanda kwa kuchelewa, majani hukomaa mvua zikiwa zinaisha, na kilo hupungua. Deni la mbolea halipungui.

Wengine wamekwisha kujifunza kwa hasara. Ukungu wa buluu, ugonjwa wa jamii hiyo hiyo unaosafiri kwa upepo, uliangamiza sehemu kubwa ya tumbaku ya Cuba mwaka 1980. Hupenda usiku wenye ubaridi na majani yaliyolowa, na hufifia jua kali likiwaka. Katika miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha North Carolina State nchini Marekani kilianza kutoa utabiri wa mahali upepo utakapoupeleka ugonjwa huo, ili mkulima ajue lini apulizie dawa na lini aitunze fedha yake.

Katavi haihitaji mitambo ya namna hiyo ili kuanza. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa mvua za msimu, Novemba hadi Aprili, na mkoa huu umo. Ni kweli kwamba utabiri wa mkoa mzima hauwezi kueleza kilichonyesha jana katika bonde moja la Katumba au Mishamo. Ndiyo maana kila chama cha msingi kinapaswa kuwa na kipima mvua, mtu wa kuandika milimita kila asubuhi, na ubao wa kubandika utabiri.

Kazi ya ofisa ugani itakuwa kuzigeuza namba hizo kuwa maelekezo: mawingu yakitanda, punguza maji, mwagilia asubuhi, punguza nyasi, inua matuta na fungua mifereji, kinga kwa dawa sahihi kabla miche haijalala.

Gharama hiyo isiachwe kwa mkulima peke yake. Kampuni inayokopesha pembejeo hutegemea jani hilo hilo kurudisha fedha zake, na chama hutegemea ushuru wake. Kipima mvua kiingizwe katika orodha ya pembejeo, kabla ya vitalu vya msimu ujao kuoteshwa.