Mbao za Kizimba cha Nyoka Zisichaguliwe kwa Sura Pekee

Vipimo vya kizimba ni muhimu, lakini aina ya mbao inastahili uzito uleule, kwa kuwa mwerezi, mti wenye mafuta yanukiayo ambayo huvukiza polepole, huweza kudhuru mapafu ya nyoka anayeishi ndani yake usiku na mchana. Kwa chatu wa Afrika Magharibi ajikunjaye kama mpira, anayehitaji unyevu wa hewa wa takriban asilimia 60, plaiwudi hufaa iwapo kingo zake, ambazo hufyonza maji kuliko uso, zitapakwa matabaka kadhaa ya vanishi ya maji, viungo vizibwe kwa silikoni isiyo na dawa ya kuvu, na kizimba kiachwe wazi hadi harufu iishe kabisa. Mfugaji asiharakishe hatua hiyo, maana nyoka aliyefungiwa hana pa kukimbilia.